Tuseme Mwenyewe Akiwapo

Mkristo wa Mugunga akikuambia kwamba maneno matupu hayavunji mfupa, historia ya mtaa wake inamkanusha. Mugunga, magharibi mwa Goma kwenye barabara ya Sake, ulijulikana duniani kwa kambi zake, na kambi ya kwanza ilitanguliwa na maneno. Redio RTLM, iliyowaita Watutsi mende, ilianza kurusha matangazo mjini Kigali mwezi Julai 1993. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka na kuingia Goma kwa muda wa siku chache, raia wasio na hatia wakiwa wamechanganyika na askari na wakuu wa serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wengi waliishia Mugunga, juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika kirahisi, iwe kwa choo au kwa kaburi. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu karibu 50,000 kuzunguka Goma katika mwezi wa kwanza. Kabla panga halijainuliwa, jirani alikuwa ameitwa mende mara nyingi hadi masikio yakazoea, na sikio likishazoea, mkono haushtuki tena.

Jambo linalopaswa kutukosesha usingizi sisi tunaojiita Wakristo ni kwamba masikio yale yalikuwa ya watu waliobatizwa. Sensa ya Rwanda ya mwaka 1991 ilionyesha kwamba karibu watu 9 kati ya 10 walikuwa Wakristo, wengi wao Wakatoliki. Waliouawa ndani ya makanisa ya Nyamata na Ntarama walikimbilia madhabahu ambayo baadhi ya wauaji waliyajua vizuri. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio ile pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini msingi ulibaki: kuchochea mauaji kwa redio na kwa gazeti ni jinai. Yakobo alikuwa amelionya kanisa mapema zaidi, katika sura ya tatu ya waraka wake, kwamba haiwezekani ulimi mmoja umbariki Mungu na kumlaani mtu aliyeumbwa kwa mfano wake, halafu tudhani ibada yetu ni nzima. Kutokana na hayo nashikilia hoja moja. Kumheshimu mtu tunayebishana naye, hasa yule anayetufikia kupitia simu bila kuonekana uso, ni sehemu ya imani yenyewe, sawa na sala na sadaka. Na kipimo chake ni hiki: juu ya mtu, kabila au kanisa lolote, Mkristo aseme lile tu ambalo yuko tayari kulisema mwenyewe akiwapo, akisikia, na akiwa na nafasi ya kujibu.

Kipimo hiki nimekitoa katika Maandiko. Katika Mathayo 18 Yesu anaweka utaratibu wa kumkosoa ndugu: kwanza ninyi wawili peke yenu, kisha mbele ya shahidi mmoja au wawili, na mwisho mbele ya kanisa. Sisi tumeugeuza juu chini, tukaanza na kanisa zima na kumaliza na mhusika, kama naye atapata habari. Paulo, kama anavyosimulia katika Wagalatia 2, alipomwona Petro akijitenga mezani na wasio Wayahudi, alimpinga ana kwa ana. Na tazama mkutano wa Yerusalemu katika Matendo 15. Suala la tohara lilikuwa limewagawa waumini wa Antiokia kwa mabishano makali. Pande zote zilisikilizwa, mkutano mzima ukanyamaza kuwapa nafasi Barnaba na Paulo, ndipo Yakobo akatoa shauri lake. Uamuzi uliandikwa katika barua, lakini barua haikuachwa isafiri peke yake. Walichaguliwa Yuda na Sila waandamane nayo, waeleze kwa vinywa vyao yale yaliyoandikwa. Kanisa la kwanza lilijua kwamba neno zito linahitaji mtu wa kusimama kando yake, anayeweza kuulizwa swali na kujibu.

Linganisha na ujumbe unaozunguka Mugunga leo. Kijana ananunua mega za siku moja, mama anapokea sauti iliyorekodiwa katika kundi la WhatsApp la shirika lake la kanisa au la kwaya, na dakika chache baadaye sauti ileile imefika Ndosho, Bukavu, Kampala na Ubelgiji. Haina jina la msemaji, haina tarehe, haina mahali. Anayeituma mbele hujitetea kwamba yeye hakuitunga. Utetezi huo haumwokoi. Amri inayokataza ushahidi wa uongo, ambayo Wakatoliki huihesabu ya nane na Waprotestanti wengi ya tisa, haimuulizi shahidi kama hadithi aliitunga mwenyewe au aliipokea kwa mwingine; inamuuliza kwa nini ameitamka juu ya jirani yake. Kumbukumbu la Torati linadai mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa, na linaagiza shahidi wa uongo atendewe lile alilokusudia kumtendea mwenzake. Watu wa jangwani wasio na karatasi walikuwa na masharti magumu zaidi kuhusu neno la lawama kuliko sisi wenye simu mfukoni.

Tukio la tarehe 3 Mei 2024 linaonyesha kwa nini masharti hayo yana maana. Siku hiyo makombora yaliangukia makazi ya wakimbizi wa ndani upande wa Lac Vert na Mugunga, likiwamo eneo lililoitwa kwa jina la jumuiya ya kanisa, 8e CEPAC. Watu wengi waliuawa, watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Haukupita muda lawama zikaanza kusambaa. Serikali ya Kinshasa ililitaja jeshi la Rwanda na waasi wa M23. M23 na Rwanda walikana, na M23 ikasema waliofyatua ni jeshi la Kongo. Simu zetu zikagawanyika hivyohivyo, kila mtu akituma ujumbe uliomthibitishia alichokuwa anaamini tangu jana yake. Mwezi Septemba 2024 shirika la Human Rights Watch, baada ya kuwahoji mashahidi na kuchunguza picha, liliandika kwamba jeshi la Rwanda na M23 ndio waliopiga makombora kambini, na katika taarifa hiyohiyo likalilaumu jeshi la Kongo kwa kuweka silaha nzito karibu na makazi ya wakimbizi. Ukweli huo unaelemea pande zote mbili, ingawa si kwa uzito mmoja. Ulipatikana kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakawasikiliza waliokuwapo. Marehemu wa Mugunga walistahili angalau hilo kutoka kwetu pia: kwamba vifo vyao visigeuzwe silaha ya mabishano kabla hatujajua walikufaje.

Kuna sababu nyingine inayofanya kipimo hiki kiwahusu Wakristo wa Mugunga kuliko wengi. Mtu tunayemsema, mara nyingi, kweli yupo. Mtaa huu umepokea watu wa Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Walikale, wimbi juu ya wimbi. Katika benchi moja la kanisa anaweza kukaa Mhunde, Mnande, Mhutu, Mtembo, na Mtutsi ambaye siku hizi anaogopa kutaja jina la ukoo wake. Mchungaji anaposambaza sauti inayosema kwamba watu wenye sura fulani warudi kwao, anayeifungua ni muumini wake mwenyewe, aliyepokea ushirika mtakatifu mkononi mwake Jumapili iliyopita. Mwishoni mwa mwaka 2022 Alice Wairimu Nderitu, Mkenya aliyekuwa mshauri maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuia mauaji ya kimbari, alizuru Kongo na kuonya juu ya chuki za kikabila na dalili zake mashariki mwa nchi. Onyo lake halikuwa geni kwa mtu yeyote anayefungua simu Goma. Tofauti kati ya lawama ya haki na chuki iko wazi kwa anayetaka kuiona. Kusema kwamba jeshi la Rwanda limeisaidia M23, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoandika katika ripoti zao, ni kutaja tendo na mtendaji, na jambo hilo laweza kusemwa mbele ya Mtutsi wa Masisi bila kumwonea. Kusema kwamba yeye ni adui kwa sababu ya pua yake ni kumhukumu mtu kwa jinsi Mungu alivyomuumba, na hilo ni kufuru kabla halijawa kosa la jinai.

Wapo watakaonijibu kwamba hii ni dini ya watu walioshiba. Watasema manabii hawakuzungumza kwa upole, na kwamba Yesu mwenyewe aliwaita Mafarisayo makaburi yaliyopakwa chokaa. Mtu aliyepoteza mtoto chini ya turubai, watasema, ana haki ya kulia kwa sauti, na anayemtaka achague maneno anamwongezea mzigo. Pingamizi hili ni zito na sitaki kulipita haraka. Kilio cha aliyeumizwa hakipimwi kwa kanuni za majadiliano. Zaburi zimejaa vilio vikali, na Mungu alivipokea. Lakini angalia Yesu alivyokuwa mkali. Alisema mchana, hekaluni, wahusika wakisikia, akitaja matendo: kuzila nyumba za wajane, kutoa zaka ya mnanaa na kuacha haki. Wakati huohuo hakuacha kula nyumbani kwa Mafarisayo wala kumpokea Nikodemo usiku, na maneno yake makali kuliko yote yaliishia katika kuomboleza juu ya Yerusalemu. Ukali wake uliacha mlango wazi kwa aliyekosolewa. Heshima ninayoitetea haikatazi ukali wa namna hiyo. Inakataza ukali unaorushwa gizani kwa mtu asiyeweza kujibu, au kwa kundi zima ambalo haliwezi kutubu tendo ambalo halikulitenda.

Kanisa la Kivu lina mfano wake. Christophe Munzihirwa, Mjesuti na askofu mkuu wa Bukavu, aliishi katika miaka ambayo kila upande ulimtaka achague nani wa kulia naye. Aliandika barua za wazi na kutoa miito kwa mataifa, akiwatetea wakimbizi wa Kirwanda waliofungwa wote katika hatia moja, na akiwaonya wenye silaha juu ya vita vilivyokuwa vinakuja. Aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, wiki chache kabla kambi ya Mugunga haijavunjwa na wakimbizi kumiminika kurudi Rwanda katikati ya Novemba. Mtu anaweza kutokubaliana na msimamo wake. Wapo waliomwona kuwa ameegemea upande mmoja. Hakuna anayeweza kusema kwamba alijificha. Barua zake zilikuwa na sahihi, waliolaumiwa walijua pa kumpata, na hata wanaompinga leo wanayo maneno yake yenyewe ya kupinga. Huo ndio ujasiri wa kinabii. Anayetuma matusi kwa namba isiyo na jina, kisha akajiita mtetezi wa wanyonge, ameazima ukali wa manabii na kuiacha gharama yao.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya nyumba, nalo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Vijana na wanawake wengi watasema kwamba katika makanisa yetu heshima imekuwa kifuniko cha sufuria. Mzee wa kanisa akitumia vibaya sadaka, anayeuliza anaitwa mkosefu wa adabu. Binti akisema kiongozi amemnyanyasa, anaambiwa asiwaguse watumishi wa Mungu. Kwa watu hawa simu ilikuwa mahali pa kwanza ambapo sauti yao haikukatwa, na mtu akija leo kuwahubiria staha, wana haki ya kumtilia shaka. Nawajibu kwamba kipimo cha kumsema mtu akiwapo kinambana mkubwa kabla ya kumbana mdogo. Utaratibu wa Mathayo 18 haumwishii mlalamikaji chumbani. Asiposikilizwa, anaruhusiwa kuleta mashahidi, na asiposikilizwa tena, shauri linafika mbele ya kanisa lote. Kwa hiyo kiongozi anayezuia hatua hizo ndiye aliyevunja utaratibu, na analolisikia baadaye kwenye simu za watu ni matunda ya mlango alioufunga. Tena, aliyenyanyaswa halazimiki kwenda peke yake mbele ya aliyemnyanyasa. Mashahidi wawili na vyombo vya sheria viko kwa ajili yake. Heshima inayodaiwa kwa wadogo tu imeshapoteza sura ya Kristo, aliyewaosha miguu wanafunzi wake.

Pingamizi la tatu linahusu hofu. Tangu M23 ilipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, na makazi ya wakimbizi ya Mugunga kuvunjwa mwezi uliofuata, ni nani anayeweza kudai kwamba kila neno lisemwe hadharani na kwa jina? Hapa lazima kutofautisha. Anayeficha jina ili amwokoe mtu, kwa mfano anayepeleka habari za aliyekamatwa kwa wanaoweza kumsaidia, hajavunja kipimo. Anamlinda aliye dhaifu dhidi ya mwenye bunduki, kama wakunga wa Misri walivyowaacha hai watoto wa Waebrania. Anayeficha jina ili amtaje jirani yake kuwa mpelelezi wa upande huu au ule anafanya kinyume kabisa, kwa kuwa katika mji wenye silaha neno kama hilo laweza kuwa hukumu ya kifo. Swali la kujiuliza ni moja: jina langu lisipojulikana, anayekingwa ni nani, na anayewekwa hatarini ni nani? Pale ambapo kusema ukweli hadharani ni kifo na kuusema kwa siri ni kumchongea mwingine, kunyamaza nako ni njia ya kumpenda jirani, mradi kimya hicho kiambatane na sala na msaada wa mikono.

Mwisho wapo wanaosema kwamba mazungumzo hayajawahi kusimamisha bunduki Kivu. Vita hivi vina madini, ardhi, mipaka na majeshi ndani yake. Watu wachache wakirekebisha lugha yao, mizinga haitanyamaza. Ni kweli, na historia inawaunga mkono kwa sehemu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kivu ya Kaskazini ilikuwa na Barza Intercommunautaire, baraza la wazee wa jamii mbalimbali lililosuluhisha migogoro ya ardhi na uhusiano kati ya makabila. Liliheshimika, lakini wanasiasa walipolivuta kila mmoja upande wake, likavunjika katikati ya miaka ya 2000. Baraza lenyewe halikuwa limeshindwa kusuluhisha. Lilikufa pale wazee walipoacha kusema wao kwa wao na kuanza kusema kwa niaba ya wakubwa wasiokuwapo. Mwaka 2025 maaskofu Wakatoliki wa CENCO na viongozi wa Kiprotestanti wa ECC walitangaza mpango wao wa pamoja wa amani, na mwezi Februari ujumbe wao ulifika Goma kuzungumza na wakuu wa AFC/M23, yaani M23 na muungano wake wa kisiasa. Wapo waliowashukuru, wapo waliowaita wasaliti. Mtu ana uhuru wa kuupinga mpango huo. Lakini kuwaita wasaliti kwa sababu tu walikaa mbele ya mtu wanayemlaumu ni kuwashtaki kwa kosa ambalo Injili inaliamuru. Makanisa mawili ambayo kwa miaka mingi yalishindania waumini yalikwenda pamoja, na hilo peke yake ni somo kwa Mkatoliki na Mpentekoste wa Mugunga wanaotukanana juu ya Bikira Maria na kunena kwa lugha.

Basi hoja hii inadai mambo ambayo shirika au parokia yoyote inaweza kuanza nayo wiki hii. Anayeleta habari ya lawama katika kundi la waumini aseme ameipata kwa nani na lini, na asipojua, asiilete. Aliyesambaza uongo aurekebishe palepale aliposambaza, mbele ya walewale waliousikia, maana toba ya siri kwa kosa la hadharani inamwacha aliyechafuliwa na doa lake. Anayemlaumu mwenzake ampigie au amwendee kwanza. Kabila lisitajwe kama jina la kosa. Na mahubiri ya Jumapili yazungumzie ulimi wa kwenye simu kwa uzito uleule yanaouzungumzia ulevi na uzinzi, kwa sababu ulimi umeua wengi katika nchi hizi za Maziwa Makuu.

Mambo haya hayataleta amani peke yake, na Mkristo haahidiwi kwamba uaminifu wake utazaa matunda yanayoonekana. Anaahidiwa kwamba atatoa hesabu, na Yesu alisema hesabu hiyo itagusa kila neno lisilo na maana. Ahadi hiyo ndiyo inayogeuza kipimo changu kuwa suala la imani. Hata ninapodhani kwamba ninayemsema hayupo, Yule aliyemuumba yupo, anasikia, na amejitambulisha naye kiasi cha kusema kwamba tulilomtendea mdogo wake tumemtendea yeye. Anayeamini hivyo hawezi kumsema mtu yeyote wa Mugunga, Mhutu au Mtutsi, mkimbizi au mwenyeji, Mkatoliki au mlokole, kama mtu asiye na wa kumtetea. Na anayeendelea kusema hivyo, hata akijaza kanisa kila Jumapili, imani yake ameiacha mlangoni.